Vema Tisa za Meneja Theodory

Nikiona alama ya vema siku hizi damu inanichemka. Hata ile ya mwalimu kwenye daftari la mjukuu wangu naitazama kwa jicho baya. Huyu mwalimu amesoma kweli, au amepitisha kalamu tu awahi chai? Mtasema Epifania anazeeka vibaya. Semeni. Lakini mjini hapa Sumbawanga watu wanasimulia kwamba binti wa kompyuta ndiye aliyewakosesha wakulima mbolea, na kila nikisikia hivyo natamani kumrushia mtu kiatu. Nilikuwepo. Funguo za stoo ya mbolea zilikuwa kiunoni mwangu mimi.

Huyo binti anaitwa Anjela. Ni mfupi, mwendo wake wa haraka, na masika yote utamwona na mabuti ya mpira kama mtu anayekwenda shamba, wakati anakwenda ofisini. Kwao ni kijiji kimoja njia ya Matai. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, akabaki na mama yake, Emerensiana, na shamba lao la mahindi na ulezi. Ulezi ule ndio uliompeleka Mbeya kusoma mambo ya kompyuta. Wenzake walipomaliza chuo walikimbilia Dar. Yeye akarudi, akasema mama yangu yuko peke yake. Chama chetu cha ushirika kikampa kazi ya kutunza mtambo.

Mtambo wenyewe ukiuona utacheka. Ni dude jeusi limekaa kwenye chumba tulichokuwa tunahifadhia mbegu, linavuma kutwa nzima. Anjela alinieleza siku moja tukinywa chai. Akasema, mama Epifania, kwenye sherehe wewe unawaona wanaogawa sahani, lakini wapishi wako uani na moshi wao. Ndani ya mtambo kuna programu za namna hiyo, hazina sura, hakuna anayezibonyeza, zinafanya kazi uani usiku na mchana. Moja kati ya hizo alikuwa ameipa jina, Mpiga Mbiu. Hiyo ndiyo ilikuwa inawatumia wakulima ujumbe kwenye simu: zamu yako ya mbolea imefika, njoo.

Hapo zamani, yaani si zamani sana, watu walikuwa wanalala getini kwetu na watoto mgongoni kungoja mbolea, na mwenye mabavu anapita mbele. Mpiga Mbiu alikomesha aibu hiyo. Unakaa kwako, simu inalia, unakuja. Una siku saba. Usipokuja, mifuko yako inapewa waliopo.

Sasa, kila asubuhi saa moja Anjela alikuwa na desturi yake. Alikuwa anamwambia Mpiga Mbiu atume ujumbe mmoja kwenye simu ya mama yake kule kijijini. Emerensiana hajui kusoma vizuri, lakini mlio anaujua. Ukifika, anambipu mwanawe mara moja. Ikifika saa mbili na hakuna kilichofika, anambipu mara mbili. Basi. Hapo Anjela anajua kama mbiu imetoka ikamfikia mtu, au imekwama.

Nilimuuliza kwa nini asiangalie tu kwenye kioo cha kompyuta, si kuna kitone cha kijani pale? Akanijibu kwamba haya alifundishwa na mama yake, si chuo. Sisi huku Ufipa tuna ntumba. Mvua zikikaribia kwisha unafyeka majani, unayakusanya mafungu mafungu, unayafukia kwa udongo mpaka yanakuwa matuta ya mviringo, yaoze humo yawe mbolea ya msimu unaofuata. Kwa nje ntumba zote zinafanana. Emerensiana alikuwa anamshika mwanawe mkono anauchomeka ndani mpaka kwenye kiwiko, anamuuliza, kuna vuguvugu? Kama hakuna, hayo majani yamezikwa tu, hayaozi, utakuja kula njaa. Ndivyo Anjela alivyokuwa anaukagua mtambo wetu, kwa kuchomeka mkono.

Na mwaka huu Emerensiana hakulima ntumba. Hili nalisema mapema ili mjue nini kilikuwa mezani. Mwezi wa pili Anjela alikwenda nyumbani akamkuta mama ameshika jembe huku amejikunja, mgongo umemkataa. Akamnyang'anya jembe. Akamwambia, mama, acha ntumba, umri umekwenda, mbolea ya chama mwaka huu ipo, mifuko yako minne imeandikwa. Zamu ikifika mbiu itakuita, na mbiu naiangalia mimi mwenyewe. Mama akamwamini. Nani hamwamini mwanawe?

Mwezi wa nane tukafanya mkutano mkuu. Wanachama wana hasira, msimu uliopita kuna mjanja fulani alijiingiza kwenye orodha akawaruka wenzake. Ukumbi mzima ukaamua: asirukwe mtu! Mtu wa kwanza asipopata, wa pili asubiri. Iandikwe mpaka ndani ya mtambo. Anjela akanyoosha mkono, akauliza, na kama simu ya huyo wa kwanza haipatikani? Wakamzomea. "Asubiriwe!" Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, viganja hivi hivi. Anjela akaandika kama alivyoagizwa, ila aliniambia tukitoka, "Mama Epifania, sasa mtu mmoja akikwama wote wamekwama. Bila kukagua kila asubuhi tutaumia."

Mwezi wa kumi meneja wetu, Theodory, akapiga marufuku ule ukaguzi.

Theodory si mwizi. Si mlevi. Ana tai tatu na anakuja kazini mapema kuliko mlinzi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mwizi ungemfukuza ukalala. Alipitia orodha ya ujumbe akaona namba moja inapata ujumbe kila siku ya Mungu. Akauliza ni ya nani. Akaambiwa ni ya mama yake Anjela. Loo! Alimwita mbele yetu sote.

"Mtambo wa wanachama si wa kumsalimia mama yako!"

"Simsalimii, meneja. Nakagua kama ujumbe unafika."

"Ukaguzi una utaratibu." Akatoa daftari jipya la jalada gumu, amelipigia mistari mwenyewe kwa rula. Tarehe, jina la programu, hali, sahihi. "Kila asubuhi unaangalia kwenye kioo. Ukiona kijani, unatia vema. Kwisha."

"Kijani inasema programu ipo," Anjela akamjibu. "Haisemi inafanya kazi. Hata mlinzi aliyesinzia yupo getini."

"Unanifundisha kazi?"

"Sitii vema kitu ambacho sijakigusa, meneja. Utanisamehe."

"Basi nitatia mwenyewe!"

Na akatia. Tangu siku hiyo akawa anapita chumba cha mtambo kabla ya chai, kalamu nyekundu mkononi. Chwa! Vema. Emerensiana akaambiwa na mwanawe asingoje tena mlio wa asubuhi, bosi amekataza. Akajibu tu, "Haya mwanangu, kazi njema."

Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza kunukia. Kundi la tatu la wakulima, watu mia tatu na kumi na wawili, Emerensiana akiwemo, likawekwa kwenye foleni ya mtambo Jumatano asubuhi. Asubuhi hiyohiyo meneja akamtuma Anjela Matai akaandikishe wanachama wapya wa Kalambo. Akapanda gari akaenda.

Katika kundi lile watu watatu wa kwanza walikuja stoo, nikawapa mifuko yao. Wa nne alikuwa Urbano, mkulima wa Kasesya, kule mpakani. Nyumbani kwake mtandao wa huku haushiki, wa Zambia unashika vizuri, kwa hiyo laini yake ni ya Zambia na ndiyo aliyoiandikisha. Kosa lake nini? Nusu ya watu wa kule ndivyo walivyo. Lakini mtambo wetu haukuweza kutuma ujumbe ng'ambo. Mpiga Mbiu akajaribu, ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Na kwa kuwa sisi wenyewe tulipiga kelele asirukwe mtu, hakumruka. Akabaki hapo anambishia hodi Urbano mchana na usiku, na watu mia tatu na wanane nyuma yake kimya, hakuna hata mmoja aliyeitwa. Na kitone cha kijani kinawaka. Kwa nini kisiwake? Programu ilikuwepo, tena inafanya bidii!

Nilikaa stoo Alhamisi, hakuna mtu. Ijumaa, hakuna mtu. Jumatatu nikafagia sakafu mara mbili kwa kukosa la kufanya. Nikamwendea meneja, nikamwambia, kundi la tatu hawaji. Akanijibu, "Wakulima wa siku hizi wavivu, mama Epifania. Ujumbe wamepata, mbona wale watatu walikuja?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikakubali. Nikawatukana wakulima moyoni. Ningempigia simu Anjela, maneno mawili tu, haya yote yasingetokea. Sikumpigia.

Jumatano siku saba zikaisha. Alhamisi meneja akaja na agizo, mifuko ya kundi la tatu wapewe waliopo. Waliopo walikuwepo kweli, wa hapahapa mjini, pikapu zimepangwa getini tangu alfajiri. Nikasita. Nikamuuliza, "Meneja, watu mia tatu wote wavivu?" Hakubishana nami. Alinifungulia daftari. Alhamisi, vema. Ijumaa, vema. Jumamosi, vema. Hata Jumapili, baada ya misa, alikuwa amepita akatia. Zote nyekundu, zimenyooka, na sahihi pembeni. Nikafungua stoo. Siku mbili nikagawa, na kwenye hati ya kutolea mzigo sahihi ni yangu, mkono huu.

Ijumaa mchana mfuko wa mwisho ulikuwa umeshapakiwa, nafunga kufuli, nikamwona Anjela anaingia uani anakimbia. Yeye asiyepita mkubwa bila shikamoo, siku hiyo alinipita kama mti. Kumbe stendi ya Matai alikutana na jirani zao wamekaa juu ya magunia, wakamuuliza, zamu zetu lini? Hao zamu yao ilikuwa wiki iliyopita.

Nikamfuata mpaka chumba cha mtambo. Meneja naye akaja, daftari kwapani. Anjela alikuwa ameshakaa, vidole vinakwenda.

"Karibu, pole na safari," meneja akasema. "Hapa kila kitu ni salama. Asubuhi nimekagua."

"Umekagua nini?"

"Kijani."

"Ujumbe wa mwisho umetoka lini?"

"Hilo halimo kwenye daftari."

Anjela akageuza kioo kumwelekea. "Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne na dakika kumi na mbili. Soma, meneja. Soma kwa sauti! Siku tisa huyu amesimama mlangoni kwa mtu mmoja wa Kasesya. Siku tisa unakuja hapa na kalamu!"

"Usinipigie kelele. Nimetia vema kila siku, ushahidi huu hapa."

"Umetia vema tisa juu ya maiti!"

Sijawahi kumsikia Anjela akisema hivyo na mtu, sembuse mkubwa wake. Meneja akaanza kusema kwamba basi kosa ni la huyo Urbano aliyeandikisha namba ya ugenini, aandikiwe barua. Ndipo na mimi nikalipuka. Nikamwambia, "Koma kabisa! Mtu amekaa kwake, hajui hili wala lile, unataka kumbebesha uzembe wako?" Akanitazama kama anayeona mtungi umesema. Miaka kumi na minne sijawahi kumwinulia mtu sauti pale ofisini.

Anjela hakutusikiliza. Alikuwa anasema peke yake, haraka haraka. "Jumapili nilimpigia mama. Nikamuuliza umepata, akasema bado. Nikamwambia subiri, mama, itakuja tu. Nilimwambia asubiri!" Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Namruka Urbano. Namba yake nitampigia mwenyewe kwa simu yangu. Mkutano mkuu uje unifunge."

Akabonyeza. Mtambo ukavuma vilevile, hakuna kilichobadilika kwa macho. Kisha kwenye kioo majina yakaanza kupanda, moja, lingine, lingine, mpaka siyafuati tena. Mambo yaliyokwama siku tisa yalikwisha kwa dakika nne. Nasema dakika nne!

Simu ya Anjela, pale mezani, ikalia mara moja ikakata.

"Mama," akasema. "Umemfikia! Mama Epifania, umesikia? Umemfikia!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Alinishika mikono, akasema, "Kesho nipakilie mifuko yake ile ya ukutani, ambayo haijalowa."

Nyie, mimi nimezika mume. Lakini sijawahi kuona ugumu wa kufungua mdomo kama pale. Nilimtazama meneja aseme yeye. Akatazama daftari lake.

"Anjela," nikamwambia, "stoo ni tupu. Siku saba zilipita. Nimegawa yote."

Hakupiga kelele. Aliuliza nani ameagiza, nikamwonyesha kwa kidevu. Aliuliza na ya mama? Nikasema na ya mama. Akauliza shehena nyingine lini. Meneja akajibu Januari, akakohoa. Januari! Mahindi yanapandwa sasa, huo Januari apande nini, mawe? Anjela akakirukia kile kioo kujaribu kuzuia ujumbe, lakini cha kuzuia hakikuwepo. Wote mia tatu na wanane walikuwa wameshaitwa.

Jumatatu aliletewa barua ya kujieleza kwa nini alikiuka azimio la mkutano mkuu kwa kumruka mwanachama. Yeye! Meneja hakuandikiwa chochote, daftari lake lilikuwa safi. Na mimi barua yangu niliipeleka kwa mwenyekiti, kurasa tatu, na sahihi yangu ya kutolea mzigo nimeibandika juu ili wasiseme najificha. Mpaka leo haijajibiwa.

Lakini Jumamosi ile, kabla ya barua hizo, ndiyo siwezi kuisahau. Wakulima wamekuja na mvua. Wengine kwa miguu, wengine na mikokoteni ya ng'ombe, simu wamezifunga kwenye mifuko ya nailoni zisilowe. Wanafurahi, maskini, wanasalimiana, zamu imefika. Saa moja asubuhi meneja akapita kwenda chumba cha mtambo, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Kioo alikiona kupitia dirishani. Kijani. Nikamwona kwa macho yangu akilifungua daftari kwenye ukuta, akatia vema. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mbiu ikwame, vema yake ilikuwa ya kweli. Mpiga Mbiu alikuwa anafanya kazi kikamilifu. Alikuwa ameita watu mia tatu kuja kwenye stoo tupu.

Emerensiana alifika kama saa tatu. Ameazima mkokoteni, amekuja na kamba zake mwenyewe za kufungia. Nikamwambia shikamoo, mama. Akaitika, kisha akanipigia makofi taratibu kwa Kifipa, magoti yamekunjwa kidogo na mgongo ule mbovu, ndivyo wanavyosalimia watu wenye adabu. Akanipa simu.

"Nisomee, mwanangu."

Nikasoma. Zamu yako imefika. Mifuko minne. Njoo na kitambulisho.

"Nimekuja nacho," akasema.

Nilimweleza yote, palepale mlangoni, sikuficha hata jina langu. Akachungulia ndani ya stoo. Sakafu nilikuwa nimeifagia. Akahesabu kitu kwa vidole, miezi labda, au ntumba ambazo hakuzilima. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

"Mwanangu yuko wapi?"

Nikampeleka. Mlango wa chumba cha mtambo ulikuwa umefungwa tangu jana, Anjela yumo ndani, hajala, hataki kumfungulia mtu. Mama akabisha. Kimya. Akamwita kwa Kifipa, kwa jina la utotoni. Kimya. Ule mvumo tu wa mtambo.

Basi Emerensiana akatoa kile kisimu chake kwenye nailoni, akapangusa maji kwa kanga, akabonyeza. Tukasikia mlio ndani ya chumba. Akakata. Akangoja kidogo, mkono wake mmoja umelala juu ya ubao wa mlango.

Akabipu mara ya pili, kama asubuhi zile mbiu ilipokuwa haijamfikia.